Hendeli Nyuma ya Mlango

Niliiuza mwaka 1997, kwa bei ambayo mpaka leo mke wangu haijui. Mnunuzi alitoka Arusha na fundi wake. Yule fundi wala hakufungua boneti. Alilala chini, akajisukuma uvunguni na nyundo ndogo mkononi, akawa anagonga chasisi kipande baada ya kipande huku ametega sikio, kama mtu anayechagua nazi sokoni. Alipotoka, mgongo mzima vumbi, alimwambia tajiri wake neno moja: "Chukua." Mimi nilidhani nimepata wajinga wa kuwauzia chuma chakavu. Nikazihesabu noti mara mbili, nikajiona mjanja kuliko Kilwa nzima.

Ilikuwa Land Rover 109 ya baba, Series IIA ya mwaka 1967, ile ya taa za mbele zilizokaa puani, karibukaribu, kama macho ya mtu anayekushuku. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 Waingereza walizihamishia taa kwenye fenda, na mzee hakuwasamehe. Alisema taa ikikaa pembeni, ukigusa mti kidogo tu umeshapofuka.

Baba alikuwa dereva wa idara ya afya wilayani. Gari lilikuwa la serikali, lina namba za ST, na alikabidhiwa likingali linanuka rangi. Aliliendesha miaka kumi na tisa. Lilipochoka likapigwa mnada, 1986, naye akiwa anakaribia kustaafu akaenda mnadani na akiba yake yote, akarudi nalo nyumbani. Mama hakusema naye siku tatu. Siku ya nne alimwambia angalau angemshauri kabla ya kuoa, na tangu hapo gari likawa na jina: Bi Mdogo.

Walioikuta lami hawawezi kuelewa ndoa ile. Leo mtu anapanda basi Mbagala alfajiri, jioni haijafika anakula samaki Lindi. Zamani ulikuwa na Rufiji ya kuvuka kwa kivuko. Kivuko kikigoma, unalala ng'ambo na mbu wako. Daraja la Mkapa, mita 970, limefunguliwa 2003 tu. Na hata baada ya daraja, vilibaki vile vipande vya Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 za tope jeusi ambamo basi liliweza kulala siku mbili, tatu, abiria wakinunua mihogo kwa wanakijiji mpaka hela ziwaishie. Hiyo ndiyo iliyokuwa barabara kuu. Ya kwenda Njinjo na Liwale sitaki hata kuiita barabara.

Ndani, Bi Mdogo hakuwa na kitu cha kukudanganya. Chini ya kioo cha mbele palikuwa na vidirisha viwili vya bati; ukivifungua, upepo unaingia kifuani, na vumbi na nzige vinakuja na upepo huohuo. Gia ya kwanza na ya pili hazikuingia kwa ubembelezi: ulikanyaga klachi mara mbili huku ukisikiliza injini, ukikosea inakusaga meno mbele za watu. Kando ya mkono wa gia palikuwa na virungu viwili, kimoja cha njano, kimoja chekundu. Cha njano ukikididimiza, magurudumu ya mbele yanaingia kazini. Chekundu ukikivuta nyuma, gari likiwa limesimama, unapata zile gia nzito za kutambaa. Basi. Hakukuwa na kitufe kingine cha kukuokoa.

Masika ya 1979, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba aliitwa usiku kumfuata mama mjamzito Njinjo. Magari mengine yalikuwa yamechukuliwa kwenda vitani Uganda, na utingo wake alikuwa na homa, kwa hiyo nilichukuliwa mimi, kazi yangu kushika tochi. Tulimkuta yule mama, tukampakia nyuma na mkunga wake wa kijijini, tukageuza. Kabla ya kuuvuka Matandu tope lilitufika kwenye ekseli. Baba hakukanyaga mafuta. Alizima, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia topeni na fimbo kutafuta palipo pagumu, mimi nikimmulikia mgongo. Aliporudi aliwasha injini, akaniambia nishike kirungu chekundu.

"Vuta. Vuta kama unamvuta mbuzi asiyetaka kwenda."

Nikavuta kwa mikono miwili. Chuma kikagonga chuma huko chini. Baba akaachia klachi, mlio wa injini ukapanda lakini gari likaenda polepole, polepole kiasi kwamba ningeshuka na kutembea nalo bega kwa bega. Tope lilikuwa likilia chini ya magurudumu yote manne, na hakuna lililozunguka bure. Nilikuwa bado nimekishika kile kirungu, nikiamini kwamba nikikiachia tutazama.

Hospitali ya Kivinje hatukuiwahi. Mkunga aligonga bati: "Dereva, simama!" Baba akazima injini na taa, tukashuka, tukasimama mbele ya gari tumelipa mgongo, baba akiwa amekunja mikono kama mtu anayengoja basi, mpaka tuliposikia kichanga. Mkunga alihitaji mwanga, kwa hiyo ile taa ndogo ya ndani iliwaka mpaka kunakucha, na betri ikafa. Baba akatoa hendeli nyuma ya kiti, akaichomeka chini ya rejeta, akanionyesha namna ya kuishika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke, maana injini ikirudisha kinyume inakuvunja. Mzunguko wa tatu ikawaka. Mama na mwanawe walifika Kivinje wazima.

Na bado niliuza. Nieleze sababu, maana haikuwa njaa.

Mwaka 1992 nilipata kazi kwenye mradi mmoja wa maji wa wafadhili, nikakabidhiwa Land Cruiser hardtop, nyeupe, ndefu, ina mkonga na antena ya redio iliyopinda kama fimbo ya kuvulia. Asiyewahi kutoka kwenye 109 akaingia kwenye hardtop hawezi kujua ulevi ule. Injini ya Bi Mdogo ilikuwa ya petroli, lita 2.25, silinda 4, nguvu zake hazifiki farasi 80. Ukipanda kilima na mzigo unapata nafasi ya kusoma dua yote. Hii ya Mjapani, ile waliyoiandika 1HZ, ni dizeli ya lita 4.2, silinda 6, haina turbo, haina kompyuta. Inameza dizeli ya dumu, dizeli yenye mchanga, dizeli ya kuazima, na inaamka asubuhi bila kinyongo. Matangi yalikuwa mawili. Unakwenda Liwale na kurudi bila kumpigia magoti mwenye pipa.

Mzozo wa Land Rover na Land Cruiser bado unaendelea kwenye vijiwe, na wanaouendesha ni mashabiki kama wa Simba na Yanga, hawataki hoja. Nitasema ninavyoona. Bodi ya Land Rover ilikuwa bora: alumini, kwa sababu ilipozaliwa 1948 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha bati kilikuwa cha kugawiwa. Haikuota kutu. Chasisi iliyobeba bodi hiyo ilikuwa chuma, nayo iliota, ndiyo maana fundi wa Arusha alikwenda moja kwa moja uvunguni. Udhaifu wake wa nyuma, zile shafti zinazokatika ukiachia klachi kwa hasira, kila mwenye 109 anaujua. Lakini kilichomwangusha Land Rover huku kwetu hakikuwa shafti. Kampuni mama, British Leyland, ilikuwa taabani mpaka serikali ya Uingereza ikaichukua 1975. Na sisi miaka ya 1980 hatukuwa na fedha za kigeni za kununulia hata plagi. Toyota aliingia na misaada na miradi, na kila penye gari lake pakawa na vipuri vyake. Gari lenye vipuri hushinda gari lenye sifa.

Siku ya kwanza nilipoileta hardtop nyumbani, baba aliizunguka taratibu, akaipiga teke tairi, akachungulia chini ya pua. "Gari zuri," akasema. "Ila halina pa kuchomeka hendeli." Nikacheka. Nikamwambia, baba, nani siku hizi anapiga hendeli? Hakunijibu.

Tangu siku ile nilianza kumwonea Bi Mdogo aibu. Alikaa chini ya mwembe, kuku wakimtagia kwenye siti. Baba alipopata kiharusi na mkono wa kulia ukalegea, nilijiambia sasa hakuna wa kumwendesha, kana kwamba mimi sikuwa na mikono.

Hiyo hardtop ndiyo sasa inayonirudishia mambo haya. Mpwa wangu anaishi Marekani, na mwaka juzi alinipigia: "Shikamoo mjomba. Huko hardtop za zamani zinapatikana?" Nikamwuliza, huko kwenu kwenye magari yote ya dunia, unatafuta gari la zahanati? Ndipo akanieleza jambo lililonichekesha halafu likaniuma. Land Cruiser za jamii ya 70, zilizoanza 1984 na ambazo hapa zinabeba chanjo, mahabusu, watalii na maiti, hazijawahi kuuzwa rasmi Marekani. Mmarekani akiitaka inabidi asubiri itimize miaka 25, ndipo sheria yao ya usalama inamruhusu kuiingiza. Kenya nayo imeweka sheria: gari la mtumba likizidi miaka 8 haliingii. Gari lilelile Mombasa ni zee mno, Marekani ni changa mno. Kwetu Tanzania halikatazwi, linatozwa tu ushuru wa uchakavu, na mwenye nalo hulipa akinung'unika.

Tangu hapo tumekuwa na mchezo. Ananitumia picha za magari ya huko, nami natoa hukumu kutoka barazani. Akanitumia Jeep Wrangler, akijisifu kwamba milango inavuliwa. Nikamwambia Bi Mdogo naye alivuliwa nusu ya juu ya milango, na hatukuiita starehe, tuliita joto. Akanitumia Ford Bronco mpya. Nikamwuliza usukani uko upande gani, akasema kushoto na hakuna wa kulia, nikafunga mjadala. Akanitumia Ineos Grenadier, ya yule tajiri Mwingereza, Jim Ratcliffe, aliyesikitika Land Rover Defender ya zamani ilipokoma akaamua atengeneze mfano wake, ikapewa jina la baa moja ya London, ikaundwa Ufaransa kwa injini za BMW. Hiyo niliitazama kwa muda. Ina ekseli nzima mbele na nyuma na chasisi ya kweli. Lakini ni gari la mwenye fedha anayekumbuka gari la maskini. G-Wagen hatukuijadili, lilitengenezwa 1979 kwa ajili ya majeshi na porini, siku hizi nikienda Dar naliona Masaki limeegeshwa nje ya saluni.

Mimi namtumia Suzuki Jimny, lile dogo la injini ya lita 1.5, ambalo huko kwao pia haliuzwi. Analitamani kupita kiasi. Hapa mtu akiwa nalo watu humwuliza atanunua gari lini. Hata hili Land Cruiser 300 linalobeba wakubwa wetu, mpwa wangu hawezi kulinunua huko likiwa na jina la Toyota; atauziwa ndugu yake wa Lexus. Nilifurahi kusikia hivyo, sijui kwa nini.

Wakenya walijaribu lao wenyewe. Mobius lilibuniwa kwa njia mbovu za huku na kwa mfuko wa mtu wa huku, bila mapambo, mabomba ya chuma na turubai. Ile ya kwanza niliipenda. Kadiri matoleo yalivyosogea likaanza kutafuta starehe, na mwaka 2024 kampuni ikatangaza inafunga, kabla ya kupata mnunuzi. Ni vigumu kushindana na mtumba wa Japani. Sijui mtu mwingine atathubutu lini.

Na mimi naendesha nini? Shangingi la mtumba. Kampuni sitaitaja, nisije nikapelekwa mahakamani. Viti vya ngozi, kioo cha kugusa katikati ya dashibodi, na kirungu cha kuzungusha chenye picha za mchanga, tope na mawe: unachagua picha, gari linafanya lililobaki. Mwaka jana nilikuwa nakwenda mazishini upande wa Njinjo, kiangazi, njia kavu, hata tone la maji hakuna. Ikawaka taa ya njano yenye mchoro wa injini. Gari likapunguza nguvu lenyewe, kama mtu aliyekasirika kimyakimya, likagoma kupita mwendo wa baiskeli. Nikashuka, nikafungua boneti. Nikaona plastiki. Plastiki nyeusi kutoka upande huu mpaka ule, haina hata nati moja niliyoifahamu. Nikafunga boneti taratibu, nikatazama huku na huku kama kuna aliyeniona.

Kijana fundi aliyekuja na pikipiki alilitazama hivyohivyo. "Mzee, hii inataka mashine ya kuisoma. Mpaka Dar." Lililonivuta mpaka Nangurukuru lilikuwa hardtop ya zahanati, vioo vyake vimebandikwa gundi, dereva wake mtoto wa miaka ishirini na ushei anayetafuna muwa. Aliponifungulia kamba akaniuliza kwa heshima zote kama gari langu ni la umeme. Mjini waliposoma, ilikuwa sensa moja, ndogo kuliko kidole changu cha mwisho.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani na barabara ikakatika maeneo ya Somanga, nilikuwa kwenye foleni ile. Mashangingi, mabasi na malori ya korosho, wote tumesimama sawasawa tukitazama maji yanavyopita palipokuwa na lami. Hapo hata Bi Mdogo asingevuka, nisimsingizie. Lakini wazee wachache tulijikuta tumeshuka, tumekunja suruali, tunatafuta palipo pagumu na vijiti. Vijana walibaki ndani, kiyoyozi kinawaka, wanasubiri simu iwaambie.

Defender ya zamani ilitoka kiwandani Solihull kwa mara ya mwisho tarehe 29 Januari 2016. Mpya wanaiunda Slovakia, haina chasisi ya kutenganika na bodi, na wanaoijua wanasema inapita pagumu kuliko mama yake. Naamini. Huku kwetu jina limebaki kwa polisi: pikapu ikija kuzoa watu, hata ikiwa ni Toyota, inaitwa difenda. Oktoba 2024 Arusha walikusanya Land Rover mamia kwa mamia, msafara mrefu usioisha. Nilizitazama video zake usiku kucha, nikisimamisha picha kila ilipopita yenye macho puani. Kila moja ilikuwa imepakwa rangi upya. Nisingeweza kumtambua.

Siku ile ya 1997 baba alikuwa amekaa barazani, mkono wake mbovu pajani. Hakusema kitu walipoijaza petroli, wala walipoisukuma ikawaka, wala ilipokata kona ya msikiti. Vumbi lilipotulia ndipo aliponigeukia.

"Hendeli umewapa?"

Sikuwa nimewapa. Ilikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake, nikaisahau, au niliiona nikadhani haina kazi. Alifariki miaka minne baadaye, na mara mbili tatu aliniuliza tena kama wale watu wameirudia.

Kwa hiyo, wewe uliye Arusha, au Moshi, au popote alipouzwa tena: kama una 109 ndefu ya 1967, taa puani, na kwenye mlango wa nyuma upande wa kushoto pana matundu manne ya skurubu palipofungwa kibao cha msalaba mwekundu, hiyo ilikuwa yetu. Sitaki kuinunua, uwezo sina. Hendeli yake ninayo hapa Kilwa, ina mafuta, haijashika kutu. Njoo uichukue.